Kioo cha Nne

Asubuhi ya tarehe mbili Juni
niliamka pazia likinipiga usoni,
likivuta pumzi, likitoa,
kama mgonjwa aliyebanwa kati ya wavu na nondo.
Kipupwe kimefika Keko Magurumbasi
na mimi sijaziba hata tundu.

Dirisha langu ni la luva, vioo sita.
Cha kwanza kizima.
Cha pili kina ufa, kumbukumbu ya mpira wa Semeni
kabla hajaolewa Kilwa.
Cha tatu si kioo, ni ubavu wa boksi la sabuni,
mpaka leo unasomeka: *hung'arisha zaidi*.
Cha nne hakipo.
Cha tano na cha sita viligoma kufunga
siku kutu ilipoumaliza mkono wa chuma.

Tweve, mpangaji wa chumba cha uani, mtu wa Makete,
alisimama na singlendi
akacheka hadi mswaki ukamponyoka.
"Hii nayo baridi, Mama Semeni?
Kwetu maji hulala ndooni maji, yakaamka kioo."
Nikamwambia, basi niletee ndoo moja,
nipunguze gharama.

Kwa Chande fundi vioo nilinunua vitatu,
puti ya kopo dogo, mafuta ya cherehani,
wavu mita moja, misumari ya kuhesabu.
Chande hakati kwa macho, anakata kwa mdomo:
anasimulia penalti ya jana
huku almasi inalia *kriii*,
kisha anagonga kwa goti, *tak*,
na kioo kinaachana na mwenzake bila ugomvi.

Nilikanda puti kama unga wa chapati.
Vidole vikanuka shule mpya.
Nikaziba pembe, nikaziba pale mchwa walipokula fremu,
nikaupaka mafuta ule mkono wa chuma
mpaka ukakubali, kwa kuguna.
Wahenga walisema ufa uzibwe.
Hawakusema tuanze na wa nani.

Maana ng'ambo ya kichochoro,
hatua tatu na nusu, ndipo dirisha la Bi Havijawa,
na kila saa nane za usiku
kusi hunipitishia kikohozi chake katika pengo la nne:
mara tatu, kimya, mara moja.
Wengine hulalia redio. Mimi hulalia hicho.
Ramadhani iliyopita usiku mmoja hakukohoa.
Nilitoka na kanga moja,
nikamkuta sakafuni, kikombe kimepasuka,
anatazama dari kama anayesubiri zamu.
Hatujalizungumza mpaka leo.

Basi nilisimama na kioo cha tatu mkononi,
kisafi, nusu uso wangu,
nusu ukuta wake.
Nikavuka.

Kilimkaa dirishani kama kilizaliwa pale;
nyumba zetu alijenga fundi mmoja, na kosa moja.
Akakipapasa kwa kucha.
"Na cha kwako?"
"Kesho."
"Mwongo wewe."
Akakaa kitandani, akavuta shuka hadi magotini.
"Ukiziba lote nitakohoa kwa nani?
Kuna siku kifua kizima kabisa, Mama Semeni,
nakohoa tu.
Nakusikia unavyojigeuza, hulali."

Sikuwa na neno.
Nilikusanya misumari yangu, mmoja mmoja,
hata iliyopinda.

Usiku kusi lilikuja na vumbi la Chang'ombe.
Vioo vitano vikalikataa,
pengo la nne likalikaribisha.
Nilivaa sweta la marehemu, kiwiko kimetoboka.
Saa saba Tweve aligonga mlango, sauti ndogo:
eti nina blanketi la ziada?
Nikampa. Sikumcheka. Nilicheka alipoondoka.

Kisha saa nane.
Ng'ambo nikasikia luva ikifunguliwa kidogo,
jino moja tu,
halafu
mara tatu,
kimya.

Nikangoja ile moja.